Kielelezo Namba Saba

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimerudia tabia niliyoiacha mahakamani: kuandika jambo siku lilipotokea, kabla kumbukumbu haijaanza kulipamba. Sababu yenyewe ni ndogo kwa umbo. Taa kubwa za gari la wagonjwa la zahanati yetu hapa Mzenga zinaungua mara nyingi kuliko inavyostahili. Tangu Mei zimeungua balbu nne. Barabara ya kwenda Mlandizi haina mwanga mwingine, vuli inakaribia, na mgonjwa hachagui saa ya kuzidiwa.

Kamati imeketi leo chini ya mwenyekiti wetu, Mzee Mwishehe. Mweka hazina, Wilbrod, alilitamka lile ambalo wengine walikuwa wakilizunguka: kwamba dereva wetu, Kitwana, hutoa balbu nzima, huziuza kwa wenye malori, na kuweka mbovu mahali pake. Nilimuuliza ushahidi uko wapi. Hakuwa nao. Ndipo wote wakanigeukia: wewe ulikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na sita, basi ututafutie.

Nimeweka utaratibu. Kila balbu mpya ni kielelezo. Nitaandika namba juu ya kioo chake kwa kalamu ya wino usiofutika, ili isibadilishwe bila kujulikana. Ikiungua, fundi wa pikipiki wa hapa kijijini ataitoa na kuitia kwenye bahasha. Wilbrod ataifunga kwa gundi na kuitia saini, wala haitafunguliwa hadi siku ya uamuzi. Kielelezo kinachochezewa hakithibitishi kitu.

Namba 1 na namba 2 zimepokelewa kwa desturi ya kamati hii, iliyonitangulia hapa: kitu cha jumuiya hakipokelewi kwa macho, hupokelewa kwa mkono. Kinazungushwa, kila mjumbe hukishika na kusema “kheri”. Muuguzi Flora alikuwa ameleta chai na vitumbua, na balbu zikapita baina ya vikombe. Kitwana alisimama mlangoni.

“Mama Hakimu, samahani, hizi hazishikwi-shikwi ho—”

“Ndiyo maana tunaziandika namba,” nilimkatiza.

Nimeandika pembeni: dereva hapendi ukaguzi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimelipeleka gari Misugusugu kwa fundi Omary, ambaye wenye magari wa Kibaha humsifu kwa mambo ya umeme. Sikutaka kumhukumu mtu kabla ya kulihoji gari. Omary alipima chaji ya betri: volti kumi na nne na nukta mbili, injini ikinguruma. Akakagua nyaya, swichi, vishikizo vya taa, na kama maji yanaingia. Nilimzuia asizitoe balbu zenyewe, kwa kuwa ni vielelezo.

“Gari lako halina kosa, mama,” alisema akijifuta mikono. “Kama taa zinaungua, kosa liko kwingine.”

“Kwingine wapi?”

“Mimi nimepewa gari nilipime. Nimelipima.”

Nimelipenda jibu hilo. Ni wachache wanaojua mpaka wa wanachokijua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza. Korosho za mwanzo zimeanguka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Namba 2 imeungua. Siku kumi na mbili. Bahasha imefungwa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Namba 1. Siku kumi na tisa. Kitwana alikuwa ametoka Mlandizi na mtoto mwenye degedege. Wilbrod alisema kwamba kuungua kwa taa safarini ni kisingizio kizuri, maana hakuna shahidi. Hoja hiyo haina uzito, lakini nimegundua kwamba sikuipinga.

Jumamosi, 26 Oktoba

Namba 3 na namba 4. Nimeukaza utaratibu. Juu ya kioo sasa kuna namba, tarehe na herufi za jina langu upande mmoja, na saini ya Wilbrod upande wa pili. Zimezungushwa mara mbili, ya kwanza kabla ya kuandikwa na ya pili baada ya kuandikwa. Vitumbua vya Flora vilikuwa vya moto.

Mzee Mwishehe hawezi kukaa kikao kizima bila kunikumbusha kwamba yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. “Mtani, babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wanaihesabu mpaka pwani. Wewe umestaafu bado unahesabu?”

“Na babu zako waliwapokea kwa ngoma,” nilimjibu, “mpaka wakasahau mizigo ilikuwa mingapi.”

Wote walicheka isipokuwa Kitwana. Aliziweka balbu mbele yetu. Safari hii hakusema neno.

Jumatano, 30 Oktoba

Kitwana ana viatu vipya. Nimeliandika jambo hili, nikaona haya kuliandika, lakini sikulifuta.

Jumapili, 3 Novemba

Namba 3. Siku nane.

Ijumaa, 8 Novemba

Namba 4. Siku kumi na tatu.

Mvua haijakatika tangu jana. Nimekaa barazani na kupanga hoja kama nilivyozipanga miaka yote. Chaji ni sahihi. Nyaya ni nzima. Maji hayaingii. Balbu zimenunuliwa katika duka lile lile wanakonunua wengine, na za wengine zinadumu. Ukiondoa sababu zote zisizo na mikono, inabaki ile yenye mikono. Balbu haijabadilishwa, maana namba zimo, basi inaharibiwa. Na anayelala na ufunguo wa gari ni mmoja.

Sina hakika kwa nini mtu aharibu taa ambayo bila hiyo yeye mwenyewe ndiye atakayeendesha gizani. Wilbrod anayo sababu: ili tuchoke, tuache utaratibu, arudie biashara yake. Inawezekana. Nimewahi kuwafunga watu kwa sababu nyepesi kuliko hiyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Namba 5 na namba 6. Kheri, kheri, kheri.

Ijumaa, 15 Novemba

Namba 5. Siku sita. Nimekwisha kuandaa rasimu ya barua ya kumwachisha kazi. Bado sijaitia saini.

Jumamosi, 16 Novemba



Saa kumi na moja na nusu jioni Rahma, mke wa mtoto wa Mzee Mwishehe, alianza kutoka damu. Mimba ya miezi minane. Flora alisema neno moja: “Kibaha.” Tulikuwa na taa moja, namba 6, upande wa kushoto. Nilipanda mbele kwa sababu nilitaka kuona dereva anafanya nini. Nakiri kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu ya kwanza. Mgonjwa alikuwa nia ya pili.

Mvua ilitukuta baada ya nusu saa, na wingu likaleta giza kabla ya wakati wake. Kitwana aliendesha akizungumza na barabara. “Haya, bibi, tupishe. Wewe shimo nakujua, usinidanganye.” Kisha namba 6 iling’aa kwa weupe usio wa kawaida, mara moja, kama jicho lililoshtuka, ikazimika.

Alilisimamisha gari taratibu. Hakulaani. Alijaribu swichi mara mbili.

“Kitwana, usisimame!” Flora alipaza sauti nyuma. “Damu haijasimama, wewe unasimama?”

“Dada Flora, nikienda hivi nawatia mtaroni wote.”

“Nina tochi,” nilisema.

Aliniangalia. Nadhani alikuwa akipima kama naweza. “Shusha kioo, mama. Toa mkono wote.”

Tochi ilionyesha hatua tano mbele, na zaidi ya hapo ilionyesha mvua. Gari lilitembea kama mtu anayepapasa ukuta. “Inua kidogo. Kulia. Hapo hapo. Usiteremshe mkono, mama, hata ukiuma.” Uliuma, kisha ukaacha kuuma, jambo lililokuwa baya zaidi. Nyuma yangu Rahma alikuwa akimwita mama yake, kisha akaacha kumwita, na hilo nalo lilikuwa baya zaidi. Katika maisha yangu nimetoa amri nyingi. Leo nilizipokea kutoka kwa mtu ambaye barua yake ya kufukuzwa ilikuwa mezani kwangu, na kila moja ilikuwa sahihi.

Ikaja pikipiki nyuma yetu. Alikuwa Yassin, bodaboda wa hapa hapa kwetu, amebeba magunia mawili ya mkaa.

“Oya, Kitwana! Umelala au unatafuta korosho?”

“Taa zimekufa, mdogo wangu. Nina mzazi humu.”

Yassin hakuuliza la pili. Alizikata kamba kwa kisu, magunia yakaangukia kwenye nyasi katika mvua ile, naye akapita mbele. “Nifuate mgongo!” Tuliufuata mgongo wake na taa yake nyekundu hadi Mlandizi, na kutoka hapo hadi Kibaha kwa mwanga wa barabara kuu.

Rahma yu hai. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kiume, na alilia baada ya muda ambao Flora amekataa kuniambia urefu wake.

Tuliporudi, Kitwana alipata duka moja Mlandizi lililokuwa bado wazi. Lilikuwa na balbu moja tu. Aliinunua mwenyewe, akainamia taa ya kushoto, akaitoa namba 6 na kuitia kwenye boksi tupu kwa ajili ya bahasha ya Wilbrod, kisha akaiingiza mpya ikiwa bado nusu imezongwa na karatasi yake. Nilitoa kalamu nimwekee namba.

“Leo hapana, mama,” alisema, na akafunga boneti.

Nimeandika: amekataa ukaguzi.

Jumatatu, 18 Novemba

Jambo limetoka kwenye kamati. Leo ghalani kwa ushirika, watu wamejipanga na korosho zao kusubiri mzani, Wilbrod alisema mbele ya wote kwamba Rahma nusura afe kwa sababu Kitwana anakula taa za wagonjwa. Mtu mmoja alicheka, “Basi akicheka meno yatawaka!” Kitwana alikuwa kwenye foleni na magunia ya mama yake, Bi Mwanakheri. Alimsaidia mama yake kukaa, akasubiri zamu yake, akapima, akaondoka. Watu walimpisha njia kama wanavyompisha mwenye upele.

Nilikuwepo. Sikusema kitu, kwa kuwa utaratibu haujakamilika. Sentensi hiyo ni sahihi, na nimeisoma mara nne bila kuipenda.

Jumanne, 19 Novemba

Namba 7, upande wa kulia. Nimeiandika mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, tarakimu nene, nikikishikilia kioo kwa vidole viwili mpaka wino ulipokauka.

Jumamosi, 23 Novemba

Isiyo na namba inawaka. Siku saba.

Jumatatu, 25 Novemba

Namba 7 imeungua. Siku sita. Isiyo na namba inawaka, upande wa pili wa gari lile lile, kwenye betri ile ile, chini ya mikono ile ile.

Najaribu hoja: dereva anailinda aliyoinunua mwenyewe ili kamati iaibike. Hoja hii ni dhaifu. Naiandika ili niuone udhaifu wake. Mtu anayetaka kuaibisha kamati hangoji kwanza akwame gizani na mkwe wa mwenyekiti anayetoka damu.

Jumanne, 26 Novemba

Kamati imemsimamisha Kitwana hadi kikao cha Jumamosi. Ufunguo anao Wilbrod, naye ndiye atakayeendesha. Namba 8 imewekwa baada ya kuzungushwa kwa watu kumi na mmoja, maana safari hii wazee wa kijiji nao walitaka kushuhudia. Kitwana aliukabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake chakula.

“Mama yangu hatoki nje tangu ile siku ya mzani,” aliniambia. “Hilo uliandike pia.”

Nimeliandika.

Ijumaa, 29 Novemba

Namba 8 imeungua. Siku tatu. Wilbrod ndiye aliyekuwa akiendesha. Ufunguo haukutoka mfukoni mwake, na gari lililala uani kwake, nyuma ya geti lenye kufuli.

Nilimkuta amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni. “Basi karoga,” alisema.

“Wilbrod, wewe ni katekista.”

“Kwani katekista haoni? Mtu hayupo, taa inaungua. Nini kama si uchawi?”

“Mtu hayupo, taa inaungua,” nilirudia polepole. Maneno yale yale, lakini kwangu yalikuwa na maana nyingine. Nilimwomba bahasha zote nane. Alinikumbusha kwamba utaratibu unakataza kuzifungua kabla ya uamuzi, na kwamba utaratibu ni wangu. Nilimjibu kwamba hata saini ya kuuvunja itakuwa yangu.

Nilizipanga juu ya meza karibu na dirisha. Sijawahi kuiona balbu yetu hata moja baada ya kufa. Nilizipokea zikiwa mpya na kuziaga zikiwa bahashani. Kioo cha kila moja kilikuwa kimefanya weupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Weupe huo haukuenea kote. Mahali pengine ulikuwa na umbo la ncha ya kidole, mistari yake ikihesabika. Mahali pengine kioo kilikuwa kimevimba kama ngozi iliyoungua.

Niliichukua namba 7. Wino ulikuwa umetoweka, lakini tarakimu ilibaki: imechomeka ndani ya kioo, nyeupe, imevimba, na kile kistari cha katikati ninachokiweka kwenye saba zangu tangu darasa la tatu, ili mtu asiigeuze kuwa moja. Kioo kilikuwa kimepasuka kwa kufuata kistari hicho.

Nimesoma miandiko mingi ya watuhumiwa. Huu ulikuwa wangu.

Jumamosi, 30 Novemba

Nilifika Misugusugu fundi Omary akiwa ndiyo kwanza anafungua gereji. Nilimwaga balbu nane juu ya benchi lake. Alizitazama, akaanza kucheka, kisha akaniona uso, akaacha.

“Mama, nani kaziandikia barua balbu hizi?”

“Mimi.”

“Na haya mafuta?”

“Vitumbua,” nilisema. “Na watu kumi na mmoja.”

Alivuta pumzi. “Hii ni halojeni, mama. Inapowaka ina moto kuliko kaango. Ukiacha jasho la kidole tu juu ya kioo, pale panakuwa na joto lake peke yake, kioo kinachoka, inakufa. Ndiyo maana inakuja na karatasi. Unashika chuma, kioo hukigusi. Nilimwambia Kitwana tangu siku alipopewa lile gari.”

“Mimi hukuniambia.”

“Wewe ulinizuia nisizitoe.”

Nilijiuliza kuhusu zile nne zilizoungua kabla ya Oktoba, kabla sijaandika namba yoyote. Zilikuwa zikizungushwa pia, kwa desturi, ila kwa haraka, bila kalamu. Hilo ndilo lililofanya ziungue polepole. Mimi niliongeza wino, kikao na saini, na kila nilivyomshuku mtu huyu zaidi, ndivyo taa zilivyokufa upesi zaidi, na kila zilivyokufa upesi, ndivyo nilivyomshuku. Niliona mduara huo wote nikiwa nimesimama kwenye gereji, na sikuona mahali pa kukaa.

Kwenye kikao nilieleza kwa mpangilio: mwenendo, vielelezo, kosa, mwenye kosa. Wilbrod alisema kwamba hata hivyo mtu angeweza kutuambia. Nikasoma ukurasa wa tarehe tano Oktoba, pamoja na maneno niliyoyaandika pembeni.

Mzee Mwishehe alimgeukia Kitwana. “Mwanangu, umesikia. Chukua ufunguo wako.”

Kitwana hakuunyooshea mkono. “Shikamoo zenu nimewapa kila siku, wazee wangu, na leo nawapa. Lakini hamkunisema humu ndani. Mlinisema ghalani. Niondoleeni ghalani.”

Jumatatu, 2 Desemba

Nimekwenda ghalani saa ya mzani, foleni ikiwa ndefu. Niliwahi kusoma hukumu mbele ya watu wengi kuliko wale.

“Mpandisheni Mnyamwezi kwenye mzani!” Mzee Mwishehe alipaza sauti. “Tuone kosa la hakimu lina kilo ngapi!”

Wakacheka. Nilielewa kwamba mtani wangu ananifungulia mlango, kwa sababu baada ya kicheko watu husikiliza. Nilipanda juu ya mzani kweli. Nilisema kwamba Kitwana hakuiba taa yoyote. Kwamba mkono uliozichoma ulikuwa wangu na wa kamati. Kwamba alijaribu kutuambia siku ya kwanza nami nikamkatiza. Kwamba usiku wa Rahma ni yeye na Yassin waliowafikisha watu wawili Kibaha wakiwa hai, na mimi niliyeizima taa. Wilbrod alipanda baada yangu. Alisema maneno machache, akiwa amevua kofia.

Bi Mwanakheri alikuwa amekuja. Alikaa juu ya gunia lake, khanga imefunika mdomo. Nilimwamkia. Alikawia kuniitikia, na alikuwa na haki ya kukawia.

“Marahaba,” alisema hatimaye.

Jumamosi, 7 Desemba

Kitwana ameuchukua ufunguo. “Nimerudi kwa ajili ya barabara ile,” aliniambia, “siyo kwa ajili ya kikao.” Nilimwambia kwamba sababu hiyo inatosha.

Ilikuwepo balbu mpya ya upande wa kulia, ndani ya boksi lake. Wajumbe walijipanga kama kawaida, na kwa muda hakuna aliyejua la kufanya na desturi. Ndipo Mzee Mwishehe akaipeleka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifungamanisha, akainama juu ya boksi na kusema, “Kheri.” Wengine wakafuata mmoja mmoja, mikono nyuma kama watoto waliokatazwa chungu. Rahma alikuwepo na mwanawe mgongoni. Naye akasema.

Kitwana alilichukua boksi, akanipa mimi.

“Weka wewe, mama.”

“Nitaiharibu.”

“Shika chuma.”

Niliishika kwenye chuma, karatasi ikiwa juu ya kioo. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyokumbuka. Niliisukuma mpaka ikakaa, nikavuta karatasi, na Kitwana, aliyekuwa kwenye usukani, akawasha.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Kitwana amekwenda Kibaha mara mbili na kurudi. Kulia siku kumi na nne, kushoto siku thelathini na tano. Zote mbili zinawaka, na hakuna yenye namba.